Gari Linalojiendesha Likikosea: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Gari linalojiendesha hufanya kazi tano kwa kupokezana, mara kadhaa kila sekunde: kuona, kutambua, kukisia, kuamua na kutenda. Kosa hudhihirika mwishoni, kwenye breki au usukani, ilhali chanzo mara nyingi kimejificha hatua mbili tatu nyuma. Fundi anayefungua breki kwa sababu tu gari limefunga breki vibaya atazikuta nzima, atazirudisha, na kesho yake gari litakosea vilevile.

Mwongozo huu unaanza na kinachoonekana barabarani, kisha unarudi nyuma. Unalenga zaidi magari ya ngazi ya 4 katika mpangilio wa SAE J3016 (orodha ya chama cha wahandisi SAE inayopanga magari kwa kadiri yanavyojiendesha), yaani yale yasiyomtegemea mtu aliyeketi ndani, ila sehemu kubwa inafaa pia kwa ngazi ya 2, ambako dereva ndiye mwenye dhamana muda wote. Onyo moja litajirudia: usipunguze unyeti wa mfumo ili tu malalamiko yaishe.

Kabla ya kugusa chochote

Hifadhi rekodi ghafi: walau sekunde 30 kabla ya tukio na 15 baada yake. Ghafi maana yake picha za kamera, nukta za lida (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza), miangwi ya rada (kihisi kinachotumia mawimbi ya redio), amri zilizotumwa kwenye breki na usukani, pamoja na saa ya kila kipande cha data. Orodha ya vitu vilivyotambuliwa haitoshi, kwa kuwa imeshapita kwenye chujio lile lile unalolishuku.

Piga picha vioo vya vihisi kabla ya kuvifuta. Tope, barafu au mdudu aliyekauka mbele ya lida ni ushahidi, na kitambaa cha fundi mwenye bidii kimeshafuta ushahidi mwingi. Andika toleo la programu, toleo la ramani, upepo wa tairi, mzigo uliokuwamo na hali ya hewa.

Kisha pitisha rekodi hiyo kwenye programu ile ile, juu ya meza. Kosa likijirudia, chanzo kiko kwenye programu au kwenye data yenyewe. Lisipojirudia, shuku muda na mashine: kompyuta iliyozidiwa ikaanza kuruka fremu, kichakataji kilichojipunguzia kasi kwa sababu ya joto, waya uliolegea. Kipimo hiki kinakula saa moja tu, na kinaondoa nusu ya washukiwa.

Dalili: gari linafunga breki ghafla, mbele hakuna kitu

Haya ni malalamiko ya kila siku, na si usumbufu mdogo: gari la nyuma linaweza kukugonga. Anza na swali moja. Je, hutokea mahali pale pale, au popote?

Likitokea mahali pale pale, angalia juu na chini kabla ya mbele. Rada nyingi hupima umbali na kasi vizuri sana lakini ni dhaifu kupima kimo. Daraja lililo mita 5 juu ya barabara, bango la chuma, mfuniko wa chemba au bamba la chuma lililofunika shimo huweza kuonekana kama gari lililosimama njiani. Hapo pima mwinamo wa gari. Mzigo mzito nyuma huinua pua. Digrii 1 tu ya mwinamo inahamisha kitu kwa takriban mita 1 juu au chini kwa umbali wa mita 60. Kama tatizo huja gari likiwa na abiria wa nyuma na hutoweka likiwa tupu, umeshapata jibu: programu inahitaji kusoma mwinamo kutoka kwenye kihisi cha kimo cha springi au kihisi cha mwinamo, badala ya kuamini kipimo cha kiwandani.

Wengine hutibu hili kwa kuiwekea ramani alama: "hapa pana daraja, puuza." Inafanya kazi mpaka siku gari la kweli litakapokwama chini ya daraja hilo. Ukilazimika kutumia alama, ipunguze iwahusu miangwi ya rada peke yake. Lida na kamera zibaki na haki kamili ya kusimamisha gari.

Likitokea popote, angalia hali ya hewa kwenye rekodi. Maji yanayorushwa na tairi za lori, mvuke wa moshi asubuhi ya baridi, vumbi na majani yanayopeperuka hurudisha miale ya lida. Kizuizi hewa cha namna hii kina alama zake: mwangwi wake ni hafifu, umbo linabadilika kila fremu, hakidumu hata nusu sekunde, na mara nyingi miale mingine hupenya na kugonga kitu kilicho nyuma yake. Lida nyingi zinaweza kutoa miangwi miwili au zaidi kwa kila mwale; kama yako inatoa mmoja tu, wa kwanza, badilisha mpangilio huo kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Mabango yanayong'aa usiku huleta kisa tofauti. Yanarudisha mwanga mwingi mno hadi bango linavimba kwenye picha ya lida na kuonekana limeingia njiani. Utalitambua kwa nguvu ya mwangwi iliyofika kilele huku pembezoni mwake pakiwa na nukta hafifu kwa umbali ule ule kabisa.

Na kama dalili imeanza baada ya gari kutoka gereji, uliza kilichofanyika. Rada za magari hutumia mawimbi ya gigahezi 76 hadi 81, yenye urefu wa karibu milimita 4. Kwa urefu huo, tabaka la puti, rangi yenye chembe za chuma au stika juu ya bampa vinatosha kupinda au kumeza mawimbi. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera iliyo nyuma yake lazima ilinganishwe upya, hata kama picha inaonekana safi.

Dalili: mtu ameonekana, lakini gari limechelewa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, maana "halikumwona" mara nyingi si kweli. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ajali ya Tempe, Arizona, ya Machi 18, 2018, ambapo gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa NTSB, taasisi ya Marekani ya usalama wa usafiri, ulionyesha kuwa vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Gari lilikuwa kwenye kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo lilikuwa na takriban mita 100 mkononi, wakati breki kamili kwenye lami kavu ingehitaji chini ya 30.

Muda huo ulipotea wapi? Kwanza, mfumo ulibadilisha mara kwa mara jina ulilompa mwanamke huyo: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli. Kila jina lilipobadilika, historia ya mwendo wake ilitupwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akikisia kwamba anakatisha njia. Pili, programu haikuwa imeandaliwa kumtarajia mtembea kwa miguu nje ya kivuko. Tatu, mfumo ulipotambua hatari sekunde 1.2 kabla, ulijizuia kwa sekunde 1 nzima. Ucheleweshaji huo uliwekwa makusudi ili kupunguza breki za uongo, zile zile tulizotoka kuzijadili. Breki ya dharura ya kiwandani ya gari hilo, ambalo lilikuwa Volvo, nayo ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ikiendesha, na mwendeshaji ndani alikuwa anatazama simu.

Ukiwa na rekodi ya tukio linalofanana, pima nyakati nne: mwangwi au pikseli ya kwanza ya mtu huyo, fremu ya kwanza ambayo mfumo umemshika bila kumpoteza tena, amri ya kwanza ya breki, na shinikizo la breki lilipoanza kupanda. Pengo kubwa ndilo linalokuonyesha pa kuchimba.

Pengo likiwa kati ya ya kwanza na ya pili, chunguza idadi ya nukta. Lida yenye mwachano wa digrii 0.2 kati ya mwale na mwale huweka nukta kila sentimita 35 kwa umbali wa mita 100, hivyo mtu mwenye upana wa nusu mita anapata nukta moja au mbili kwa kila mstari. Akivaa nguo nyeusi, zinapungua tena. Masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji yasome pamoja na asilimia ya uakisi iliyotumika kuyapima. Mita 200 kwa kitu cheupe si mita 200 kwa koti jeusi. Dawa ni mwachano mdogo zaidi upande wa mbele, kamera ya joto kwa usiku, au kasi ndogo zaidi.

Nukta zikiwa za kutosha lakini kitu kinashikwa na kuachiwa, angalia kama historia inafuata jina au inafuata kitu. Inapaswa kufuata kitu. Chochote kinachosogea kuelekea njia ya gari kipewe ukisiaji wa mwendo hata kikiitwa "sijui".

Pengo kati ya ya pili na ya tatu ni la uamuzi. Tafuta vipima-muda vilivyofichwa kwenye programu: "subiri fremu 5", "thibitisha kwa sekunde 0.8". Kila kimoja kiwe na maelezo ya nani alikiweka na kwa nini, na kigeuzwe kuwa mita. Sekunde 0.8 kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 11.

Kuna hali ambayo hakuna aliyekosea ila kasi: mtu anachomoza mbele ya basi lililoegeshwa. Hapo kasi inapaswa kufuata umbali unaoonekana. Tuseme jumla ya kufikiri na breki kupata shinikizo ni sekunde 0.5, na mtu anaweza kutokea mita 12 mbele. Kwenye lami kavu, breki ikipunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, kasi salama ni karibu kilomita 35 kwa saa. Lami ikiwa na maji na breki ikishuka hadi 4, kasi salama ni chini ya 29. Mpangilio wa gari usipobadilika mvua inaponyesha, hiyo ndiyo hitilafu, wala usiitafute kwenye kamera.

Dalili: kitu kinaonekana pembeni ya mahali kilipo, au mara mbili

Chanzo ni pembe au saa. Pembe: kihisi kimegongwa kidogo, skrubu imelegea, kishikio kimepinda kwa joto. Nusu digrii ya kosa ni sentimita 87 kwa umbali wa mita 100, ya kutosha kumhamisha mwendesha pikipiki kutoka njia ya jirani hadi yako. Saa: kamera na lida hazikubaliani wakati, na kwa kilomita 100 kwa saa kila milisekunde 10 ni sentimita 28.

Kutofautisha ni rahisi. Simika nguzo mbili nyembamba uwanjani, zitofautiane umbali, kisha chora nukta za lida juu ya picha ya kamera. Pima gari likiwa limesimama, halafu likipita kwa kilomita 20 na 60 kwa saa. Kosa lililopo hata gari likisimama ni la pembe. Kosa linalokua pamoja na kasi ni la saa. Malizia kwa kukata kona, kwa kuwa huko ndiko saa huumbuka zaidi: gari likizunguka digrii 30 kwa sekunde, kuchelewa kwa milisekunde 50 ni digrii 1.5, karibu mita 1 kwa umbali wa mita 40.

Saa zilinganishwe kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, kutoka chanzo kimoja, na muda uandikwe pale kihisi kilipopiga picha, si pale kompyuta ilipoipokea. Kosa la kuandika muda wa kupokea ni la kawaida mno. Kumbuka pia kwamba lida inayozunguka mara 10 kwa sekunde huchukua milisekunde 100 kumaliza duara. Kwa mita 25 kwa sekunde gari limesogea mita 2.5 katika duara hilo, na nukta lazima zirekebishwe moja moja.

Dalili: gari linayumba njiani au linabana upande mmoja

Kubana upande mmoja muda wote ni sifuri ya usukani iliyohama, tairi zilizopoteza mpangilio, au kamera iliyopinda. Kuyumba kulia na kushoto kunakozidi kasi ikipanda ni kuchelewa kwa amri au usukani unaosahihisha kwa nguvu mno. Pima muda kutoka amri hadi tairi kugeuka kabla ya kubadilisha namba yoyote.

Likipotea baada ya handaki au katikati ya majengo marefu, shida ni mahali. Ishara za setilaiti hugonga kuta na kufika zimechelewa. Ndani ya handaki gari hutegemea kuhesabu mizunguko ya tairi, na tairi lililolika milimita 7 kwenye nusu kipenyo cha milimita 330 huleta kosa la asilimia 2, yaani mita 20 kwa kila kilomita. Programu ijirekebishe kipimo hicho kila inapopata setilaiti nzuri.

Dalili: taa ya kuongoza magari inasomwa imezimika

Taa nyingi za LED huwaka na kuzima mara 100 au 120 kwa sekunde, na jicho halioni. Kamera juani hufungua kwa chini ya milisekunde 1, kwa hiyo inaweza kuangukia kwenye kuzimika. Kuongeza fremu kwa sekunde hakuponyi. Kinachoponya ni chipu ya kamera iliyoundwa kuzuia kumetameta kwa LED, yenye kufungua kwa milisekunde 11 au zaidi bila picha kuungua. Ukiwa huna, unganisha fremu kadhaa na uamini iliyowaka zaidi. Taa iliyokatikiwa umeme kweli ishughulikiwe kama makutano yasiyo na taa: simama, kisha pita kwa zamu. Isihesabiwe kamwe kuwa kijani.

Dalili: limegonga kitu kikubwa ambacho kila mtu angekiona

Usikimbilie kulaumu vihisi. Desemba 2023 huko Phoenix, magari mawili ya Waymo, kampuni ya magari yasiyo na dereva, kwa tofauti ya dakika chache, yaligonga pikapu ile ile iliyokuwa ikivutwa vibaya, ikitazama nyuma na kukaa mshazari. Ilionekana vizuri, kilichokosewa ni ukisiaji wa iendako, kwa kuwa ilielekea kwingine na kuvutwa kwingine. Programu ya magari 444 ilirekebishwa. Mei 2024, mjini humo humo, gari jingine la kampuni hiyo liligonga nguzo ya umeme kwenye kichochoro. Nguzo nayo ilionekana, ila programu iliipa alama ndogo ya madhara. Safari hii marekebisho yaligusa magari 672.

Kwa hiyo, kwenye rekodi uliza kwa mpangilio: kilionekana? Kilikadiriwa kuelekea wapi? Kilipewa uzito gani? Mwendo uliopimwa ushinde mwelekeo wa umbo pale vinapopingana, na kitu kigumu kisichojulikana kipewe uzito wa juu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Dalili: dereva anaitwa kushika usukani na anachelewa

Kwenye ngazi ya 2 chanzo ni usimamizi wa dereva. Kupima mguso wa usukani pekee hudanganyika kwa kuning'iniza kitu kizito. Ongeza kamera inayofuata macho. Kwenye ngazi ya 3, ambako gari hujiendesha lakini linaweza kumwita dereva, kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 157 inataka gari limpe dereva muda, kwa kawaida sekunde 10 kabla ya kuanza kujisimamisha lenyewe. Wito ukija mfupi kuliko huo, tafuta kwa nini gari halikuona mapema mwisho wa eneo lake la kazi: koni zisizo kwenye ramani, mvua iliyozidi kipimo, mistari iliyofutika.

Dalili: gari limefanya vibaya baada ya kugongana

Oktoba 2, 2023, San Francisco, mwanamke aliyegongwa na gari jingine alirushwa mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Lilimgonga na kusimama, kisha likachukulia kuwa limegongwa ubavuni, likajaribu kuegesha kando na kumburuta takriban mita 6. Magari 950 yaliitwa kurekebishwa programu.

Agizo la "sogea kando" si salama kila mara. Baada ya mgongano wowote, gari libaki pale pale mpaka lijue kilicho chini yake na kilichokuwa mbele yake mara ya mwisho. Mtu au kitu kilichopotea machoni karibu na bampa kihesabiwe kuwa bado kipo. Angalia pia eneo lisiloonekana chini ya pua: laza mwanasesere wa majaribio hapo, na uone ni kihisi gani kinamwona. Mara nyingi hakuna.

Kuthibitisha marekebisho

Weka mafungu mawili ya rekodi: hatari za kweli na kengele za uongo. Kila badiliko lipite kwenye yote mawili. Likipunguza kengele za uongo huku likichelewesha hata tukio moja la kweli, lirudi mezani. Halafu uigaji wa kompyuta kwa kubadilisha kasi, mwanga na pembe ya tukio lile lile. Kisha uwanja uliofungwa na mwanasesere, ukipanda kilomita 10 kwa saa kila hatua. Kisha barabarani programu mpya ikisikiliza tu bila kugusa usukani, maamuzi yake yakilinganishwa na ya zamani.

Usitegemee kuendesha sana peke yake. Taasisi ya RAND ilikokotoa mwaka 2016 kwamba ingehitajika kusafiri maili milioni 275 bila kifo, sawa na kilomita milioni 440 hivi, ili kuonyesha kwa uhakika wa asilimia 95 kuwa gari halina hatari kubwa kuliko madereva wa Marekani. Kila badiliko kubwa la programu linatia shaka hesabu iliyotangulia.

Toa toleo jipya kwa magari machache kwanza, na andika mapema masharti ya kulirudisha: ni tukio gani, mara ngapi, na nani ana mamlaka ya kulizima usiku wa manane bila kuomba ruhusa.